Pindo la Mheshimiwa Waziri

Nchi hiyo ilikuwepo, na anayebisha aende akaulize, watu wake wapo na midomo wanayo. Jina lake tuliache. Ukilitaja jina la nchi watu huanza kutazamana, na mtu anayemtazama mwenzake hasikilizi.

Serikali ya nchi hiyo ilipenda mambo yaende kwa mpango. Haikuwa hivyo tangu zamani. Zamani kila mtu alifanya kazi yake alivyojisikia, mpaka ikatokea ile ajali ya barabara kuu. Watu wa lami walifika kabla ya watu wa kuchonga barabara, na kwa kuwa lami ilikuwa ya moto, wakaimwaga pale pale walipokuwa wamesimama, juu ya mashamba ya mahindi. Mwaka ule mahindi yaliota meusi, yaking'aa vizuri sana, na mabasi mawili matatu yalijaribu kupita juu yake. Rais alihuzunika. Akaunda Wizara ya Utangulizi, akaipa kazi moja tu: kuhakikisha hakuna jambo linalofanyika kabla ya jambo linalotakiwa kulitangulia.

Sasa raia atajuaje lipi litangulie lipi? Wizara ikafikiri, ikasafiri ng'ambo kwenda kufikiri zaidi, ikarudi na sheria ya pindo. Kila raia, mkubwa kwa mdogo, ashone nguo yenye pindo refu la nyuma, liburuzike. Kazi yako ikiwa inangoja kazi ya mtu, unakwenda unalishika pindo lake. Akimaliza anageuka anakwambia, "Tayari," unaliachia, unaanza yako. Ukiona mtu hajashika pindo la mwenzake, ujue huyo ana ruhusa ya kufanya kazi. Ukiona ameshika, mpite kwa adabu. Huyo anangoja, na kungoja kulikuwa ni kazi rasmi, kuna nishani yake.

Na tuseme kweli, mwanzoni ilisaidia. Fundi wa rangi alishika pindo la mpiga lipu, mpiga lipu akashika la mwashi, nyumba zikasimama. Wasiokuwa na haja ya kungojana kila mmoja alikuwa upande wake na kazi yake, na mji mzima ukavuma kwa nyundo. Tabu ilianza pale wakubwa walipogundua kwamba mtu aliyeshikwa pindo na watu wengi anapendeza. Kila mwenye cheo akataka naye ashikwe. Maji yalikuwa tayari bombani, ikaamriwa yangoje kuzinduliwa. Chaki ilikuwa tayari shuleni, nayo ikangoja kukabidhiwa. Waziri wa Utangulizi mwenyewe alikuwa na pindo refu kuliko yote nchini. Lilifuata nyuma yake limekunjwa kwenye toroli, na lilipokunjuliwa watu walilishika kutoka uwanja wa mpira mpaka sokoni.

Katika mji huo aliishi Bi Mkejina, mjane, mtu wa watu, asiyevunja sheria. Mumewe, marehemu Shaweji, alikufa akiwa amesimama. Alikuwa ameshika pindo la fundi wa mabati, maana sakafu ya saruji haimwagwi kabla ya paa, na fundi wa mabati naye alikuwa ameshika pindo la mtu mwingine huko mbele, na huyo la mwingine. Siku roho ilipotoka, vidole vya marehemu havikufunguka. Ikabidi aitwe Bwana Mratibu, afisa wa Wizara katika mtaa. Bwana Mratibu alifika na miwani yake, akamzunguka marehemu, akaagiza mkasi. Pindo likakatwa nyuma ya fundi, na kipande kikabaki mkononi mwa maiti. Kisha afisa akakohoa, akatangaza mbele ya watu wa matanga:

"Pindo alilonalo marehemu sasa halina mtu. Pindo lisilo na mtu halina kazi ya kungojewa, na kazi isiyokuwepo imekwisha. Kwa hiyo Wizara inathibitisha kwamba marehemu amemaliza kungoja."

Watu wakapiga makofi kidogo, kwa heshima. Bi Mkejina akauosha ule mkasi, akauweka kabatini chini ya kanga zake.

Basi sasa tufike kwenye arusi.

Binti yake mdogo, Raya, alikuwa anaolewa na Hamdu, fundi baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, ambako watu huvaa nguo zinazoishia pale mwili unapoishia. Walipendana muda mrefu, na muda huo wote Hamdu alikuwa akivuka mpaka na kurudi, kila safari akiambiwa kuna jambo halijatangulia. Siku hiyo alikuja na mama yake, Bi Kibibi, na jamaa zake wote, juu ya lori la chumvi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mchele umeshachaguliwa, mbuzi kashachunwa, masufuria yamepangwa uani yakiangalia juu. Moshi tu ndio haukuonekana.

"Mwenzangu," Bi Kibibi alianza, akiwa amekaa jamvini na upepeo mkononi, "mbona jikoni kwako kumetulia hivi? Kuna mtu amelala?"

"Moto unawashwa sasa hivi, mwenzangu. Kunywa maji."

"Maji nimekunywa, nayo niliyaleta mwenyewe kutoka kwetu. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana. Lori lile lina mwenyewe. Alasiri likipiga honi tunapanda, na Hamdu anapanda. Safari hii nimechoka. Nyumbani kuna binti wa ndugu yangu, yupo tayari, kashaoga."

Raya alikuwa amekaa karibu, hina haijakauka miguuni, mkono mmoja umeshika pindo la kanzu ya sheikhe. Alisikia. Alimtazama mama yake tu. Hamdu alikuwa nyuma ya Raya, ameshika ncha ya shela, kwa kuwa bwana arusi humngoja bibi arusi, na nguo ya kushikwa yeye hakuwa nayo.

Bi Mkejina akajifunga kanga, akaenda kuangalia nani anachelewesha.

Akaanza na sheikhe. "Sheikhe wangu, unangoja nini?"

"Namngoja mpishi." Sheikhe alionyesha aproni ndefu aliyoishika. "Nikifungisha ndoa na pilau bado, wageni watakaa na njaa, na mgeni mwenye njaa huanza kumtoa kasoro bibi arusi. Nimeshayaona hayo."

Ikawa ni kweli. Akamfuata mpishi, mwanamume mnene aliyesimama kwenye kona ya nyumba na mwiko begani kama bunduki.

"Baba, vipi?"

"Vipi nini, Bi Mkejina? Nipike kwa dua? Mimi namngoja huyu wa kuni."

Muuza kuni alikuwa ubavuni mwa nyumba, mzigo kichwani, jasho linamtiririka. Mzigo wenyewe ulifungwa utepe mwekundu.

"Kuni hizo hapo si ndizo?" Bi Mkejina akauliza.

"Ndizo, mama. Kavu kabisa, na shingo inaniuma. Lakini kuni za shughuli lazima zizinduliwe. Waziri akikata huu utepe tu, nazitua."

"Na Waziri yuko wapi?"

"Fuata pindo."

Bi Mkejina akalifuata. Lilipita nyuma ya choo, likazunguka mgomba, na njia nzima lilikuwa na watu. Alimkuta mwalimu asiye na chaki, akamwamkia. Alimkuta mtu wa bomba la maji na spana yake, akampa pole. Wapo waliokuwa wameleta watoto wao wawapokee zamu. Mwisho akamkuta Mheshimiwa Waziri mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha enzi kilicholetwa kwa gari, chini ya mwavuli.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Unaonaje utulivu huu?"

"Ni mwingi, Mheshimiwa. Tunaomba utukatie utepe wa kuni."

"Kwa moyo mkunjufu ningekata," Waziri alisema, na uso wake kweli ulikuwa mkunjufu. "Ila leo mimi ni mgeni rasmi kwenye arusi. Na kwa itifaki, mgeni rasmi hafanyi shughuli nyingine yoyote mpaka ile aliyoalikwa iishe. Nimemshika bibi arusi, kama unavyoona." Akainua mkono, na ndani ya ngumi mlikuwa na pindo jeupe lililotariziwa maua ya asumini.

"Arusi ya nani hiyo?"

"Jina sikulishika. Naalikwa nyingi."

Bi Mkejina akamwonea huruma mama wa arusi hiyo nyingine, kumbe wako wawili siku moja. Akausifu moyoni mkono uliotarizi, akaona una kazi nzuri, karibu kama ya mkono wake. Akaamua aende akamwombe mwanamke mwenzake, kwa upole, aharakishe ya kwake ili na yeye apate kuni. Akalifuata lile pindo jeupe, likakata kona, likapita mlangoni, likaishia jamvini.

"Mama," alisema Raya, "mbona umerudi kwa upande huu?"

Bi Mkejina alikaa chini. Akaletewa maji.

Habari ikaenda, na Bwana Mratibu akafika, miwani ile ile. Alizunguka nyumba mara ya kwanza polepole, mara ya pili mbio, mara ya tatu akiwa amevua kofia. Machozi yalimlengalenga.

"Mama, unajua ulichonacho hapa?" akasema kwa sauti ya chini. "Foleni zote nchini zina wa mwisho. Wa mwisho hulalamika, ndiyo kawaida yake. Hii yako haina wa mwisho. Wizara imeitafuta tangu kuundwa kwake."

"Sasa nani ataanza?" Bi Mkejina akauliza.

"Hilo ndilo zuri lake. Hakuna wa kulaumiwa kwamba hakuanza."

Waziri alipoarifiwa alisimama bila kuliachia pindo, akahutubia. Alisema nchi jirani zina foleni zilizonyooka, na kilichonyooka huvunjika. Alisema kizazi kijacho kitakuja kusimama hapa, kwenye mduara huu huu, na ikiwezekana kwa mikono hii hii. Makofi yalikuwa machache, si kwa ubaya, ila mtu aliyeshika pindo ana mkono mmoja.

Bi Kibibi alisikiliza mpaka mwisho, akajipepea.

"Hebu niambieni wenyeji," akasema. "Kwenu huku mtu akitaka kupiga chafya, anashika nguo ya nani?"

"Ya daktari," alijibu Bwana Mratibu.

"Nilijua tu."

Jua likapanda, likapita utosini. Lori la chumvi likawashwa kidogo, likazimwa, kama linakohoa. Bi Mkejina akamvuta Bwana Mratibu pembeni.

"Baba, mimi nataka mwanangu aolewe leo. Huo mduara wenu nitauleta hata mwezi ujao, nitawapikia na chai. Nisaidie."

Bwana Mratibu akafikiri. Hakuwa mtu mbaya.

"Wizara haipotezi nguvu kufanya jambo lililokwisha kufanyika," akasema. "Mwaka jana uliozesha?"

"Niliozesha, dada yake Raya, Zulfa."

"Sheikhe alikuwa nani?"

"Huyu huyu."

"Mpishi? Mchele? Mama wa bibi arusi?"

"Huyu huyu, wa duka lile lile, na mimi mwenyewe."

"Basi." Bwana Mratibu alisugua mikono. "Vilivyoingia ni vile vile, kitakachotoka ni kile kile. Arusi imeshafanyika, hakuna haja ya kuirudia, tunachukua tu kilichopatikana. Mwaka jana kilipatikana nini?"

"Alipatikana Makame," Bi Mkejina akasema, na papo hapo akajuta.

Makame, mume wa Zulfa, alikuwa amelala chini ya hema, kofia usoni. Aliletwa akiwa bado anapiga miayo, akasimamishwa mbele ya Raya.

"Mimi sina neno," Makame akasema baada ya kuelezwa. "Ila niambieni chakula cha jioni kitakuwa kwa nani."

Zulfa alitokea jikoni na mwiko. "Bwana Mratibu, huyu nimeshamtumia mwaka mzima. Hata ukitaka kumtoa, hatoki."

"Mama," Raya alisema, "mimi nitakaa hivi nimeshika kanzu mpaka nizeeke. Lakini si Makame. Anakoroma mpaka kuku wanahama."

"Shemeji, si mbele za watu," alisema Makame.

Hamdu aliliachia shela, akakunja mikono ya shati. Bi Mkejina aliona jambo linaharibika, akasema la kwanza lililomjia: "Viazi. Mwaka jana pilau lilikuwa na viazi. Mwaka huu halina."

Bwana Mratibu akamgeukia mpishi, mpishi akatikisa kichwa, kweli, viazi hakuna.

"Viazi," Bwana Mratibu alirudia, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Kilichoingia kimebadilika. Basi hii ni arusi mpya, na inabidi ianze tangu mwanzo. Kila mtu ashike pindo lake."

Makame akarudi kulala. Mduara ukarudi kama ulivyokuwa, na hapo ndipo lori lilipopiga honi.

Jamaa za Hamdu wakaanza kukunja majamvi yao. Bi Kibibi akainuka, akajikung'uta, akamwita mwanawe kwa kidole. Hamdu hakusogea. Raya alikuwa analia bila sauti, mkono wa hina kwenye kanzu ya sheikhe, na huo mkono ulikuwa umekakamaa. Bi Mkejina aliviangalia vidole vile. Alishawahi kuviona, vya baba yake Raya, siku ile alipokufa. Vilikuwa vimejikunja hivyo hivyo.

Akaingia ndani. Akafungua kabati, akainua kanga, akatoka na mkono umefichwa ndani ya buibui.

Waziri alikuwa ameanza hotuba nyingine, na amefika kwenye sehemu inayohusu miaka ijayo. Bi Mkejina akapita nyuma ya kiti kama mtu anayekwenda kuondoa sinia. Alichagua pale kitambaa kinapotoka mgongoni, kabla ya mkono wa kwanza. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito, na mkasi ulikuwa wa zamani, ukakitafuna polepole, kra, kra, huku Waziri akisema hakuna atakayebaki nyuma.

Kisha akamfuata muuza kuni.

"Mwanangu, hebu vuta hilo pindo."

Muuza kuni akavuta. Likaja. Akavuta tena, likaja zaidi, na mwalimu na mtu wa bomba wakaliona linawapita mikononi.

"Lina mtu?" Bi Mkejina akauliza.

"Halina mtu, mama."

Bwana Mratibu alifika mbio, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Mama, umefanya nini? Umekata pindo la Serikali."

"Nimekata, baba, kwa mkasi wako wa siku ile. Siku ya mume wangu ulisema nini?"

Bwana Mratibu akaishusha miwani puani.

"Ulisema pindo lisilo na mtu halina kazi ya kungojewa, na kazi isiyokuwepo imekwisha. Nimelikariri mpaka leo, maana ndicho kitu pekee nilichopewa na Serikali. Au lilikuwa la maiti peke yao? Walio hai hawaruhusiwi kumaliza kungoja?"

Watu waliokuwapo matangani walikuwapo na arusini, na walianza kuguna, ndiyo, alisema, tulipiga na makofi. Bwana Mratibu alitaka kumkamata Bi Mkejina. Lakini kukamata kulingoja idhini ya Waziri, kwa hiyo akaenda nyuma ya Waziri alishike pindo. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, hakukuta pa kushika. Akabaki pale, kiganja wazi. Bila kushika asingeweza kungoja, na bila kungoja hakujua kazi inaanzwaje.

"Tayari?" muuza kuni akamuuliza, mzigo ukimtetemeka kichwani.

"Kwa mujibu wa tamko la Wizara," alisema Bwana Mratibu kwa taabu, "tayari."

Kuni zikatuliwa, na utepe wake. Moto ukawaka. Mwalimu akalitazama pindo mkononi, akalitupa, akaondoka kwenda shuleni akitembea kwa hatua za mtu anayejifunza. Mtu wa bomba alikaza kitu kimoja tu, na mtaa mzima ukasikia maji yakianguka kwenye ndoo ambazo zilikuwa zimesahaulika chini ya bomba. Huko mbali, kengele ikalia.

Dereva wa lori akapiga honi tena, akaingiza gia. Bi Kibibi akamfikia mlangoni, akamshika shati.

"Unanishikia nini, mama?"

"Nangoja pilau," alisema Bi Kibibi. "Na wewe unaningoja mimi. Zima."

Dereva akazima. Harufu ya bizari ilikuwa imeshafika.

Pilau likaiva, mpishi akamgeukia sheikhe, "Tayari." Ndoa ikafungwa, sheikhe akamgeukia Raya, "Tayari." Raya alikunjua vidole kimoja kimoja, akavitia katika mikono miwili ya Hamdu. Bi Mkejina alikwenda nyuma ya choo akalia kidogo, kisha akarudi kugawa sahani.

Akabaki mmoja. Waziri, baada ya kumaliza hotuba na sahani ya pili, bado alikuwa ameshika pindo jeupe la Raya. Hakukuwa na mtu aliyelikata.

"Mratibu," akauliza, "hii shughuli huhesabiwa imekwisha lini?"

"Wahusika wenyewe wakitamka kwamba imekwisha, Mheshimiwa. Ndiyo kanuni."

Waziri akawageukia maharusi kwa tabasamu. Hamdu akamtazama Raya, Raya akamtazama Hamdu.

"Bado kidogo, Mheshimiwa," alisema Raya.

Hayo yalitokea zamani. Raya na Hamdu wana nyumba yenye sakafu ya saruji, na Hamdu anatengeneza baiskeli chini ya upenu. Gauni la arusi limetundikwa msumarini ndani, halijakatwa, ni la Raya, na pindo lake limepita dirishani mpaka barazani, kwenye kiti cha enzi. Serikali haijateua Waziri mwingine, kwa kuwa uteuzi unamngoja aliyepo amalize shughuli aliyo nayo. Barabara zinachongwa, kisha lami inamwagwa. Mahindi ni meupe.

Kila asubuhi Raya anapopita na kinu cha kahawa, sauti ya upole huuliza kutoka barazani:

"Bibi arusi, imekwisha?"

Na Raya humwekea chai na andazi upande wa mkono ulio wazi.

"Bado, Mheshimiwa. Ikiisha tutakwambia."